Kilomita za Tajiri Wangu

Nimewahi kusimama mlangoni mwa majlisi, sebule ya wageni, birika la kahawa mkononi, nikimsikiliza mtu akisimulia safari yangu kana kwamba ni yake. Na aliisimulia vibaya. Ziwa aliliweka kulia, na lilikuwa kushoto. Mvua aliipunguza, mlima akaurefusha, na yale magoti aliyosema yalimwaka moto yalikuwa magoti yangu mimi. Miaka imepita, niko zangu Tabora na duka la vipuri vya baiskeli, lakini nikikumbuka siku ile huwa naweka spana chini kwanza mpaka nitulie.

Niseme mapema kwamba sikupigwa wala sikufungiwa chumbani. Watu wakisikia Doha na kazi za majumbani wanakaa tayari kusikia mkasa wa namna hiyo. Mimi nilikula vizuri, nililala kwenye chumba chenye kiyoyozi nyuma ya nyumba kule Al Thumama, na tajiri wangu hakuwa mtu wa matusi. Wote tuliofanya kazi pale tulimwita Baba, ingawa alinizidi miaka minne tu. Alinisalimia kila asubuhi, akauliza habari za binti yangu. Ndiyo maana hasira yangu imekosa pa kwenda. Ukitukanwa, watu wanakuonea huruma. Ukipendwa vile nilivyopendwa mimi, wanakwambia ushukuru.

Nilikuwa dereva. Watoto shule, mama wa nyumba kwa dada zake, Baba ofisini, mpishi sokoni, halafu kuanza upya. Nilifika wakati Al Thumama bado ina viwanja vitupu, na nikawepo hadi uwanja mpya wa ndege ulipofunguliwa, ndege zikaanza kutupitia juu ya paa. Katika miaka hiyo tumbo la Baba lilikua nikiliona kwenye kioo cha gari. Mwishowe daktari akamtisha kwa habari ya sukari, na wakati huohuo wanaume wenzake wakaingiwa na wazimu wa baiskeli za mbio. Akanunua moja yenye fremu unayoweza kuinyanyua kwa vidole viwili, na nguo za kubana ambazo mpishi wetu, dada mmoja wa Kisumu, alizianua kwenye kamba akicheka mpaka machozi.

Sasa mimi nimekulia juu ya baiskeli. Kabla ya Doha nilikuwa nabeba madumu ya asali kutoka vijijini hadi Tabora mjini, mawili kila upande wa keria na moja juu, yamefungwa kwa mipira ya tyubu kuukuu. Kilomita sitini za mchanga na mashimo. Mtu wa kazi ile hupiga spoku kwa ukucha na kujua kwa mlio tu ipi imelegea. Baba hakuyajua hayo mpaka Ijumaa moja, barabara ya kuelekea Al Wukair, gia yake ya nyuma ilipokwama. Rafiki zake walikuwa wameshatangulia. Nikashuka garini, nikaigeuza baiskeli miguu juu, nikaitengeneza kwa bisibisi na kipande cha waya. Alinitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

Tangu hapo nikawa fundi pia. Kila Ijumaa baada ya swala ya alfajiri nilimfuata na gari, mwendo wa kilomita ishirini kwa saa, indiketa zote zikiwaka, maji na matairi ya akiba nyuma. Miaka mitatu nilitazama mgongo wa mtu asiyejua kuendesha baiskeli. Anabadilisha gia akiwa ameshachelewa, anakanyaga pedeli kwa vidole, anashika breki kwenye kona. Siku moja, baada ya kufunga cheni mpya, niliipanda uani ili niijaribu. Sikumaliza hata mzunguko. Baba alitoka, akainua mkono taratibu na kuniambia nishuke, eti fremu ile haikutengenezwa kwa uzito wangu. Mimi! Alikuwa ananizidi kilo thelathini.

Nikashuka, nikaifuta vumbi.

Katika kipindi hicho rafiki yangu mmoja wa Unguja, mlinzi kwenye hoteli ya West Bay, alinitafutia kazi ya udereva palepale hotelini. Saa nane kwa siku, siku moja ya kupumzika kila wiki, na likizo ya kwenda nyumbani kila mwaka. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonikosesha raha. Nyumbani kwa Baba nilipewa likizo kila baada ya miaka miwili, na binti yangu alikuwa na miaka minne. Ukijumlisha siku zote nilizokaa naye tangu azaliwe, hazikufika wiki saba. Kwenye simu alikuwa ameanza kunijibu kwa adabu, kama anavyojibiwa mjomba wa mbali.

Hoteli walinifanyia usaili wakanikubali. Kilichobaki ni karatasi ya ruhusa kutoka kwa tajiri, ile ambayo kila mfanyakazi wa Doha enzi hizo aliijua kwa herufi zake tatu. Bila NOC huhami. Huwezi kuacha kazi kwa mtu ukaenda kwa mwingine, hata awe anakusubiri mlangoni.

"Nshakusemea kwa meneja," rafiki yangu aliniambia. "Wanakuwekea nafasi mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Wee njoo na ile karatasi tu, mengine niachie miye."

Nikapiga moyo konde, nikamwomba Baba. Hakukasirika. Alisema tukirudi kutoka Finland tutazungumza, inshallah.

Finland, maana yeye na rafiki zake watatu walikuwa wamejiandikisha kwenye msafara wa baiskeli wa siku nne, kule kaskazini kwenye misitu na maziwa. Hayakuwa mashindano. Kila mpanda baiskeli alipewa kadi, na kwenye kila kituo njiani kadi iligongwa muhuri. Ukimaliza siku nne na mihuri yote, unapata medali. Baba alinichukua niendeshe gari la vifaa. Rafiki zake walinisifu mbele yake, wakasema ana bahati ya kuwa na mtu kama mimi, na mimi, mjinga, nilifurahi.

Siku ya kwanza alimaliza wa mwisho kabisa, rafiki zake wameshaoga. Siku ya pili mvua ilianza asubuhi, mvua nyembamba ya baridi isiyokuwa na haraka. Kilomita ya kumi na tano akasimama. Rafiki zake walikuwa mbali mbele, hawaonekani. Nilimkuta ameegemea mti, kashika goti, na nilipomtazama vizuri niliona analia. Nilimwonea huruma, sitasema uongo. Nikampa taulo na chai ya chupa, nikawasha joto la gari, akaingia akakaa.

Alikunywa chai yote. Kisha akasema, kwa Kiingereza chetu kile cha nyumbani kilichochanganyika na Kiarabu, "Wewe unajua kuendesha, sawa?"

"Najua, Baba."

"Vaa koti langu la mvua na helmeti. Miwani pia. Mimi nitaendesha gari. Ukikaribia kituo, simama kwenye miti, tunabadilishana."

Nikaangalia barabara. Nikafikiria mihuri na wale wazee wa vituoni waliotupa maandazi ya mdalasini. Nikamwambia, "Baba, na karatasi yangu?"

"Ukinisaidia kwenye hili, tukirudi nasaini. Wallahi."

Aliapa kwa Mungu, na mimi ni Mwislamu kama yeye. Nikavaa.

Viatu vyake vilikuwa vya kushikana na pedeli, na vilipungua kwangu namba moja nzima. Kucha ya kidole gumba ilikufa siku ile. Lakini acha nieleze yaliyofuata, kwa sababu ndiyo mali yenyewe iliyochukuliwa. Baada ya dakika kumi nilisahau kidole. Baiskeli ile, ambayo kwa miaka mitatu niliifuta na kuipaka mafuta bila kuruhusiwa kuipanda, ilikwenda mbele kwa kugusa tu. Sikuwa na dumu nyuma, wala mchanga, wala shimo. Barabara iliingia msituni, na msitu wa kule si kama miombo yetu inayoacha mwanga upite. Misonobari ilisimama imebanana pande zote, myeusi kwa mvua, katikati yake miti mingine yenye magome meupe. Kimya kilikuwa kikubwa hadi nikasikia cheni ikipita kwenye meno ya gia, na ilikuwa inaimba vizuri kwa sababu nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe. Miti ikaachana ghafla, maji yakatokea kushoto mpaka kando ya lami, na kabla ziwa hilo halijaisha jingine likaanza upande wa pili. Nilivuta hewa yenye harufu ya majani mabichi na maji baridi. Nilicheka peke yangu. Miaka mingi Doha nilikuwa mtu wa kukaa, nimekaa kwenye kiti cha gari nikisubiri watu, na nilikuwa nimesahau kwamba nina mapafu.

Kilomita moja kabla ya kituo niliingia kwenye miti. Baba akashuka garini, mkavu, akavaa koti langu lililolowa, yaani koti lake, akapanda baiskeli na kwenda kugongewa muhuri. Watu wakampigia makofi. Mimi nilipita na gari nikaegesha pembeni, nikawa najikanda mapaja, na mama mmoja wa kituoni akaja kunigongea kioo, akanipa andazi, akaniashiria kwa mkono kwamba pole kwa kuchoka na kukaa.

Tulifanya hivyo siku ya pili, ya tatu na ya nne.

Mlima ulikuwa siku ya tatu. Kule hakuna milima mikubwa, lakini huo ulipanda kilomita nne mfululizo, na mvua ilinipiga usoni. Kwenye kona ya pili nilisimama juu ya pedeli, nikahesabu pumzi kumi kumi kama tulivyokuwa tukifanya na madumu ya asali. Niliwapita watu saba. Sikushuka. Juu kabisa mawingu yalifunguka kidogo, na kushoto, chini sana, kulikuwa na ziwa lenye visiwa vingi vya miti. Nilisimama. Nilitamani kumwonyesha mtu, mtu yeyote. Gari likapita, vioo vimefungwa, Baba anaongea na simu. Hakugeuka.

Jioni ile, na jioni ya kule haina giza, jua linazunguka tu pembeni mpaka mtu hujui Maghrib iko wapi, Baba alikula na rafiki zake akawaeleza mlima. Nilimsikia kutoka meza ya pili. Sikuchukia bado. Nilikuwa nikiwaza hoteli ya West Bay na uso wa binti yangu nikishuka uwanjani Tabora. Siku ya nne Baba aliendesha kilomita mbili za mwisho, akavishwa medali, akabusu utepe. Mimi ndiye niliyepiga picha.

Tuliporudi Doha nilimwacha apumzike wiki moja. Kisha nikamkumbusha. Akasema inshallah. Wiki ya pili akasema kuna wageni, baada ya wageni. Nilimweleza yule dada wa Kisumu kila kitu, jikoni, akiwa anachambua mchele. Aliacha mchele.

"Sasa wewe ulimkubalia aje?" aliniuliza. "Hiyo karatasi si angesaini kwanza? Ungemshikia tu hiyo baiskeli hapo kwa mvua, umwambie, sign, ndio nipande."

"Aliapa."

"Aliapa." Akatingisha kichwa. "Haki nyinyi Watanzania mko na roho safi mpaka inakera."

Nilimkasirikia yeye badala ya kumkasirikia Baba. Ilikuwa rahisi zaidi.

Wageni walikuja siku nne kabla ya mwezi wa nane kwisha. Walikuwa kama kumi na wawili, baada ya Maghrib, na kwa kuwa mhudumu wa kahawa alikuwa mgonjwa niliitwa mimi. Picha ya medali ilikuwa tayari ukutani, kubwa kuliko dirisha. Kiarabu chao nilikuwa nakielewa vizuri wakati huo, na hapo ndipo niliposikia safari yangu. Alianza na mvua. Akaingia msituni, ziwa la kwanza akaliweka kulia. Alipofika kwenye mlima, mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, ambaye ujanani aliwahi kushindana kweli, alimkatiza. Aliuliza mlima mrefu vile aliupanda kwa gia gani. Baba akasema gia ya kawaida. Mzee akauliza, kona ilikuwa wapi? Upepo ulitoka upande upi? Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu mwenye njaa ya kusikia.

Baba akacheka. Nilikuwa namjua, alicheka hivyo akiwa amepotea njia. Akaninyooshea kidole.

"Muulizeni dereva. Alikuwa nyuma yangu muda wote, na gari."

Watu wote wakageuka. Mzee akaniuliza, polepole ili nielewe, "Ni kweli aliupanda wote bila kushuka?"

Nimeirudia dakika hiyo mara nyingi nikiwa dukani kwangu, na kila mara nampa jibu lingine. Nasema, hapana, mzee wangu, ni mimi. Navua kiatu namwonyesha kucha. Lakini siku ile niliwaza karatasi. Niliwaza kwamba zimebaki siku nne, na kwamba mtu huyu nikimwokoa mbele ya watu hawa hatakuwa na pa kujificha tena, atasaini kesho asubuhi.

"Hakushuka hata mara moja," nilisema.

Ingetosha. Lakini nilipoanza sikuweza kuacha. Nilimweleza yule mzee kwamba Baba alianza na gia nyepesi, kwamba upepo ulikuwa wa usoni ukachanganyika na mvua, kwamba kwenye kona ya pili alisimama juu ya pedeli akawa anahesabu pumzi kumi kumi. Nilisema aliwapita watu saba. Nilisema juu kabisa alisimama kulitazama ziwa, lipo upande wa kushoto, na lina visiwa vingi vya miti, na kwamba alikaa pale kimya kama mtu anayetamani kumwonyesha mtu. Yule mzee macho yalimlowa. Alimshika Baba begani akamwambia sasa anamwamini, maana mambo hayo hayatungwi.

Nikamimina kahawa, kikombe kwa kikombe, mpaka mwisho wa mstari.

Asubuhi nilimkuta uani, karatasi nimeichapisha mwenyewe kwa rafiki yangu wa West Bay, kalamu iko mfukoni. Baba alinikumbatia. Hakuwahi kunikumbatia kabla. Alisema hakulala vizuri kwa furaha, kwamba mdogo wake wa damu asingeweza kumsimamia vile. Nikatoa karatasi. Aliisoma yote, kisha akaikunja mara mbili, kwa upole, akanirudishia.

"Nilikuwa nisaini," alisema. "Wallahi, jana mchana nilikuwa nimeshaamua nisaini. Lakini baada ya jana, niambie mwenyewe. Mtu kama wewe namwachaje aende hotelini kubeba mizigo ya wageni? Nitampata wapi mwingine ninayemwamini hivi?"

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo linalonichoma. Si kwamba alinivika kilemba cha ukoka ili anipoze. Macho yake yalikuwa na upendo. Nilikuwa nimefanya kazi yangu vizuri mno, na uongo wangu niliousema ili nitoke ulikuwa ndio umenifungia mlango. Ningesema ukweli mbele ya wale wageni, angenifukuza jioni ileile na ningemwona mwanangu ndani ya wiki. Nilibaki miaka mitatu zaidi, maana hata kuondoka nchini kulihitaji saini yake. Hoteli wakampa nafasi kijana wa Kampala.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo mengi, kwa Kiarabu, kwa Kiingereza na kwa Kinyamwezi, na mengine sikuwahi kuyatamka mbele ya mtu aliyenizidi hata kwa siku moja. Yalikuwa mdomoni tayari. Baba alisimama mbele yangu akinisubiri niguswe na maneno yake, mkono wake bado uko begani kwangu.

"Asante, Baba," nikamwambia.